Jiwe la Kileleni Limeharibika

Stockholm, Jumanne, 12 Novemba 1974. Mwaka wa tano tangu niiache Uluguru.

Tangu asubuhi inanyesha theluji ya majimaji, ile isiyotulia chini wala isiyokuacha ukauke. Saa kumi alasiri giza lilikuwa limeshaingia.

Zena ameolewa.

Nimeandika hivyo nione kama mkono utakubali. Umekubali.

Juzi Jumapili nilipanda treni kwenda Märsta kumwona Kobelo, mwenzangu wa Morogoro anayefanya usafi uwanja wa ndege. Katoka likizo nyumbani. Alinipikia ugali wa unga aliokuja nao. Nilipomuuliza habari za Zena, mke wangu, akasema, "Kula kwanza, ndugu yangu." Nikalirudisha tonge sahanini.

"Mjomba wake kakaa na ukoo," akasema. "Wameona mwanamume asiyelima shamba la mkewe si mume. Wamempa mwingine, mkulima."

"Na nyumba niliyotuma hela ijengwe?"

"Nyumba si iko kwenye ardhi yao? Bati zako zinang'aa mpaka barabarani. Jamaa analala pakavu, nadhani anakuombea dua." Alitaka nicheke. Aliponiona akainamisha kichwa. "Na mtoto anamwita baba. Bora uyasikie kwangu, bwana."

Kwetu ardhi ni ya upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Nilijua hayo siku ninaoa. Mwanangu Mwanahamisi nilimwacha ananyonya.

Leo nimeenda kazini hivyo hivyo.

Kazi yangu ni kusaga mawe. Niliishia darasa la nane, nikaja huku kujifunza mitambo; mafunzo yakaisha, nikabaki. Mawe huletwa na Birgitta, mtaalamu wa miamba, kutoka milima ya kaskazini. Huku hata msomi mwenye udaktari kama yeye huitwa jina lake tu. Anatafuta milima ile iliinuka lini. Niliwahi kumuuliza atajuaje, na hakuna mtu aliyekuwepo kushuhudia.

Alinieleza polepole. Ndani ya jiwe mna chembe ndogo zenye madini ya urani kidogo. Urani hujipasua yenyewe, mara moja moja, na kila mpasuko huacha kovu. Jiwe likiwa chini sana, kwenye joto, makovu hufutika. Ardhi ikiinuka, mvua na barafu zikaila kutoka juu, jiwe hukaribia hewa na kupoa, na kuanzia hapo makovu hayafutiki tena. Yeye huyahesabu kwa hadubini, hupima na urani iliyomo, akajua jiwe lilipoa lini. Huchukua la kileleni na la bondeni pia, kwa sababu la juu lilitangulia kupoa. Tofauti yao humwonyesha ardhi ilipanda na kuliwa kwa kasi gani.

"Makovu hayasemi urefu wa mlima," alinionya. "Yanasema kupoa tu. Mengine tunafikiri wenyewe."

"Kwa hiyo jiwe likiwa kwenye joto halikumbuki kitu?"

"Hata kimoja."

Siku ile nilicheka. Mimi niko kwenye baridi mwaka wa tano, nakumbuka hadi harufu ya kanga yake.

Sharti la kazi hii ni moja. Ukimaliza jiwe, unapiga brashi meno ya mashine na kuyapuliza, ndipo utie jingine. Chembe za bondeni zikiingia kwenye za kileleni, mlima mzima utaonekana una umri mdogo kuliko ulio nao. Leo nimesaga la bondeni, nikatia la kileleni bila kupiga brashi. Nilikuwa nafikiria Mwanahamisi anavyolitamka hilo neno, baba.

Nikamwita Birgitta, nikamwambia.

"Kimebaki kipande?"

"Nimelitia lote."

Akakaa juu ya gunia. Jiwe lile alishuka nalo mlimani mwenyewe, kalibeba mgongoni, na sasa kilele kimefunikwa na theluji.

"Una nini leo? Hujawahi kufanya hivi."

"Mke wangu kaolewa na mtu mwingine."

Akainuka kwenye gunia. "Mlima utakuwepo kiangazi," akasema. "Nitapanda tena." Akachukua brashi, akaanza kusafisha mashine.

Nilikuwa nimejikaza tangu Jumapili. Hapo nimelia, mtu mzima, vumbi la mawe usoni.

Mlima unaweza kungoja. Zena ana shamba na ana ujana wake, angoje nini? Namtafuta wa kumkasirikia, simpati.

Nitarudi nyumbani, ila si kugombea nyumba. Kwa ukoo wa mama yangu nina haki ya kipande cha kulima. Nitamwomba mjomba wangu. Natarajia kufika Morogoro mwezi wa sita, masika yakiisha, njia za mlimani zikikauka. Nitapita kwa Zena mchana, kila mtu akiniona, niombe kumwona mtoto.

Hanijui. Nitachuchumaa mbele yake, nimwambie jina langu.