Kidole Ndani ya Glavu

Longyearbyen, Machi

Shangazi yangu mpendwa Ragnhild,

Natumaini mguu wako umepona. Huku karibu na ncha ya kaskazini jua limerudi baada ya miezi ya giza, nami nimenunua bunduki yangu ya kwanza, maana hakuna atokaye mjini bila silaha kwa ajili ya dubu.

Gunvor wa duka la bunduki ndiye aliyenichagulia, nzito na ya zamani. "Nyepesi itakupiga bega ukifyatua, utaiogopa," alisema. Nilipoishika akacheka: "We karani, hiyo siyo kalamu!" Kisha akaniambia nijifunze kuipakia nikiwa na glavu, kwani dubu hangoji mtu avue.

Nimejaribu tangu asubuhi, Shangazi. Kidole chenye glavu ni kinene, hakiingii penye kifyatulio. Nikivua, vidole vinakufa ganzi na risasi zinaangukia thelujini.

Mkuu wa ofisi yetu ya shule ameangalia kibali changu cha bunduki tu, hakuuliza kama najua kuitumia. Kesho watoto wa shule wanakwenda barafuni, na mlinzi wao ni mimi. Nilimwambia naogopa. Akasema, "Safi, mwoga hasinzii."

Wewe umewinda maisha yako yote. Ningekuuliza nifanyeje, lakini huko kwenye kambi yako ya uwindaji simu haishiki mtandao, na barua hii itakufikia tukiwa tumesharudi, naomba Mungu, sote.

Mwanao,
Eirik