Nilijibu Simu kwa Jina la Marehemu

Mpendwa mshauri Dada Menuka, naomba msaada wako, na naomba pia unisome mpaka mwisho kabla hujanichukia, maana kila niliyemsimulia habari hii amenikatisha katikati akaniambia nyamaza.

Mimi ni kijana wa Lalitpur, nina rafiki yangu anaitwa Saugat Dahal, tumesoma pamoja tukafungua pamoja kiofisi chetu cha chumba kimoja kule Putalisadak, juu ya duka la wino wa printa, na kazi yetu ni kuwatengenezea wahandisi video za nyumba ambazo hazijajengwa, ili mwenye nyumba aingie sebuleni kwake kwenye kioo cha kompyuta kabla hata tofali la kwanza halijawekwa, na kazi hii dada inataka kompyuta yenye kadi nzuri ya grafiki, yaani kile kifaa cha ndani kinachochora hizo picha, bila hicho unakaa unatazama kioo kimeganda mpaka chai inapoa mkononi. Kadi yetu ya kwanza iliungua umeme ulipokatika na kurudi kwa kishindo, tukabaki tunaangaliana, na aliyetuokoa ni baba yake Saugat, mzee Tikaram, mstaafu wa idara ya maji, mtu asiyejua kompyuta hata kuiwasha, alipanda basi peke yake akaenda dukani akamwambia muuzaji "nipe ile wanayoitaka vijana," akalipa kwa pensheni yake, akaulizwa jina na namba ya simu akatoa vya kwake, akapanda ngazi zetu amelikumbatia boksi lake kifuani huku anahema. Tangu siku ile kila akipiga simu anaulizia kadi kwanza, "Kadi yetu haijambo?" ndipo amuulizie mwanawe, nasi tukawa tunacheka.

Sasa kampuni inayotengeneza kadi hizo ina mpango wake wa kubadilisha, kwamba ukinunua kadi yao ukajiandikisha, kisha wakatoa iliyo kubwa zaidi kabla miezi mitatu haijaisha, unawarudishia ile ndogo, unaongezea tofauti ya bei, wanakupa kubwa, lakini anayerudisha sharti awe yule yule aliyenunua, na siku ikipita imepita. Kubwa ikatoka, na sisi tulikuwa tumepata kazi ya hoteli moja ya Pokhara, vyumba na bustani na bwawa la kuogelea, kazi ambayo ile kadi ya mzee ilikuwa inaikohoa tu. Nikamwambia Saugat, "Kaka, bahati imetupandia ngazi yenyewe, mwambie mzee airudishe." Akanijibu, "Tutaona. Mzee ameipenda hii." Mimi nikachukulia kwamba amekubali, anaona haya tu kumwambia baba yake kwamba alichotuletea hakitoshi.

Wiki ile ile mzee Tikaram akafariki, asubuhi, ameinama anafunga kamba za viatu.

Saugat akanyolewa kichwa na nyusi, akavaa kitambaa cheupe, akaingia kukaa matanga ya siku kumi na tatu katika chumba cha chini juu ya majani makavu, haguswi wala hagusi mtu, anajipikia mwenyewe wali na samli bila chumvi mara moja tu kwa siku, na wewe unajua dada, akiwa anakula akasikia mtu anaita, basi chakula ndiyo kimekwisha, anaondoa mkono na kushinda na njaa mpaka kesho. Na mimi haya sikusimuliwa, niliyakaa mwenyewe kwa ajili ya baba yangu, na katika siku zangu zile Saugat ndiye aliyekuwa anasimama getini kuwazuia wauza mboga wasipige kelele mimi nikiwa nakula.

Basi siku ya mwisho ya ule mpango ikaniangukia ndani ya matanga. Asubuhi nilikwishajaza maelezo yote kwenye tovuti yao, imebaki namba ya kuthibitisha ambayo wanaituma kwenye simu ya mnunuzi, na mnunuzi ni marehemu. Nikajiambia namfanyia Saugat mwenyewe, atatoka kwenye majani akute kazi imenyooka, nikapanda pikipiki nikaenda kwao mbio. Nilipofika nyumba ilikuwa kimya, baba yake mdogo amesimama getini akajiwekea kidole mdomoni, nikadhani ni adabu ya msiba tu, nikampita. Simu ya mzee nikaiona kwenye rafu ya sebuleni, imefungwa, inataka namba ya siri, na mimi ninavyoitazama saa inakwenda, nikaita kuelekea kwenye pazia la kile chumba, "Saugat! Kaka! Namba ya siri ya simu ya mzee ni ipi?"

Pazia lilikuwa wazi kidogo. Nilimwona anaondoa mkono kwenye wali. Akaisukuma ile sahani ya majani pembeni, polepole, akakaa anatazama ukuta, halafu akanijibu, "Mwaka niliozaliwa."

Baba mdogo aliingia amenyanyua fimbo, anaunguruma kwa sauti ya chini, "We kijana una akili kweli? Tumewafungia mbwa wa mtaa mzima, kumbe mbwa mwenyewe tumemfungulia geti!"

Ningetoka pale pale, dada, ningetoka nikajitupe mto Bagmati, lakini simu nilikwishaifungua na ile namba ya kuthibitisha imeingia, nikaituma, na kabla sijaiweka simu chini ikaita. Dada mmoja wa kampuni, sauti nzuri, akasema anahakikisha tu, "Nazungumza na Tikaram Dahal mwenyewe?" Nikasema, "Ndiyo, ni mimi." Akauliza kama nimeamua kwa hiari yangu kuirudisha ile kadi, nikasema, "Ndiyo, kwa hiari yangu." Nikageuka nikamkuta mama yake Saugat amesimama kwenye mlango wa chumba chake, na yeye yuko katika matanga, bangili zote zimeshatolewa mikononi. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Wanamtaka nini?"

Nikasema, "Si kitu, mama, ni mambo ya kazi," nikatoka, na jioni ile nikaifungua kompyuta nikaing'oa kadi ya mzee, kesho yake nikaipeleka kwa wakala wao, na baada ya muda kubwa ikaja.

Saugat aliporudi ofisini na nguo zake nyeupe za msiba, zile atakazovaa mwaka mzima, alisikia feni za kompyuta zinavuma tofauti, akaifungua ubavuni, akatazama. "Ya mzee iko wapi?" Nikamwambia, "Nimeirudisha, kaka, si ndiyo masharti." Akaurudisha ule mfuniko na kuzikaza skrubu zote. Toka hapo anafanya kazi kwenye laptopu yake kuukuu inayoganda kila mara, kompyuta kubwa haigusi, chakula chake analeta kutoka kwao na kula amenipa mgongo, nikimsalimia anaitikia kama anavyoitikia mtu wa benki. Hoteli ya Pokhara niliimaliza peke yangu, ikapendeza, sikuona raha hata kidogo.

Na lililonifanya nikuandikie ni hili. Nilikutana na baba mdogo kwenye mkahawa wa momo, akaniambia kampuni inatuma ujumbe kwenye simu ya marehemu, mara hongera ndugu Tikaram kwa kadi yako mpya, mara ndugu Tikaram tuambie umefurahi kiasi gani, na mama haruhusu simu ile izimwe, kila siku anaichaji, ikilia anamwita Saugat aje amsomee, na Saugat anamsomea. Niliirudia ofisi ya wakala kuomba ile kadi ya zamani wakanambia imeshasafirishwa kiwandani na huko hawajui inavunjwa au inauzwa tena. Dada, nifanye nini? Nimewaza kumnunulia mama shali nzuri, nimewaza kusubiri ule mwaka wa nguo nyeupe uishe ndipo niseme, nimewaza kufunga virago niende Qatar kama wenzangu. Usingizi nimeusahau.

Niliyekosa adabu, Lalitpur

---

Mdogo wangu uliyekosa adabu,

Nimekusoma mpaka mwisho kama ulivyoomba, na sikuchukii. Watu wanaokatisha habari yako katikati nao wawe na huruma kidogo, maana umelibeba jambo zito na umelibeba peke yako. Hayo nimeyasema, sasa tega sikio.

Acha kwanza ule wimbo wa "namfanyia yeye." Nimeusoma mara mbili na mara zote mbili umeniudhi. Mwenzako alikwambia "tutaona," akakupa na sababu, kwamba mzee ameipenda ile kadi. Ulimsikia vizuri sana, ndiyo maana umeweza kuniandikia maneno yake kama yalivyo. Ukachagua kusikia ndiyo kwa sababu ulikuwa na hoteli ya watu kichwani. Kama ungekuwa unamfanyia Saugat, ungeanza kwa kumwacha amalize wali wake.

Na usinidanganye kuwa ni haraka ndiyo iliyokuponza. Haraka imekufanya uite. Lakini baada ya kumwona ameondoa mkono, ulikuwa na nafasi ya kuiweka simu ile rafuni na kwenda zako. Uliendelea. Ulitoa sauti ya marehemu ndani ya nyumba yake, mkewe anakusikiliza. Hapo hapakuwa na haraka, kijana wangu, hapo palikuwa na tamaa, na tamaa yenyewe ni ya kitu kinachokaa ndani ya sanduku la bati.

Basi yaishe. Umeshajilaumu vya kutosha na mimi nimekuongezea.

Shali usinunue. Ukimpelekea mama yule shali atalazimika kukushukuru, na wewe utatoka pale umepona, yeye amebaki na kidonda chake na kitambaa. Kusubiri mwaka uishe ni woga tu umevalishwa heshima. Mwaka huu ndio anaomboleza, mwakani utamwomba msamaha kwa lipi, kwa kumkumbusha? Na huko Qatar hawahitaji mtu anayekimbia, wanao wengi tayari.

Nenda kwao. Nenda asubuhi, kwa miguu kuanzia njia panda, ile pikipiki iache, na mwambie Saugat mapema kwamba unakuja na unakuja kwa ajili gani. Akisema usije, usiende, muulize tena wiki ijayo. Ukifika kaa chini. Useme mbele ya mama yote uliyoniandikia, na useme kwa kifupi, bila kutaja ukubwa wa kadi mpya wala jinsi video ilivyopendeza. Sema: nilimkatisha mwanao chakula, nililichukua jina la mumeo nikalitumia, nilirudisha zawadi yake bila kuuliza. Baba mdogo akikutukana, mwache amalize, na hilo la mbwa ulistahili. Saugat akinyamaza usimbembeleze aseme neno. Yeye ameisoma meseji ya "hongera ndugu Tikaram" mbele ya mama yake mzazi zaidi ya mara moja, kwa sauti yake mwenyewe, na bado anakuja kazini kukaa chumba kimoja na wewe. Kama hujui hiyo ni nini, nitakwambia: ni mtu ambaye hajakuacha bado. Usimharakishe.

Kadi ya mzee haitarudi. Usimwahidi mtu kwamba utaitafuta. Ile mpya usiiuze wala usiing'oe kwa kujifanya una uchungu, umeshaamua mara moja peke yako na umeona matokeo. Mwulize mwenzako anataka ifanywe nini, na atakalosema ndilo hilo hilo, hata akisema itupwe jalalani, hata kama wahandisi wote wa Pokhara watawakimbia.

Sasa lililo gumu. Mwombe mama ruhusa, na akikubali uichukue ile simu hapo hapo mbele yake. Piga kwa kampuni. Watakuuliza wewe ni nani. Taja jina lako, la kwako wewe, lile ambalo hata kwangu umeogopa kuliandika. Waambie aliyezungumza nao siku ile hakuwa Tikaram Dahal, kwamba mwenyewe alikwishafariki, walifute jina lake na wasimwandikie tena. Wakisema umevunja masharti, kubali. Wakitaka kukudai, watakudai wewe. Sema polepole, mama asikie kila neno, kwa sababu yeye anaichaji simu ile akiamini kuna mahali mumewe bado anatafutwa, na aliyemwaminisha hivyo ni wewe.

Ukimaliza, mrudishie simu mkononi, usiondoke. Akilia, usimnyamazishe.

Dada yako,
Menuka