Kisindano Chini ya Kinu

Mgeta, Ijumaa

Damasi mjukuu wangu, mume wangu usiye na adabu,

Huku hatujambo, ila mvua imelaza njegere zangu. Simu yako haipatikani tangu asubuhi, kwa hiyo barua hii nampa dereva wa lori la kabichi akuletee Mafiga.

Usiwashe hiyo injini ya boti! Juzi ulikuja na kabureta zake mbili ukazifungua kwenye ungo wangu, ukaunukisha petroli. Ukanionyesha kisindano: "Bibi, hiki kisipokuwepo petroli inafurika, cheche moja tu boti inawaka." Halafu ukazifunga mbiombio, lori likipiga honi. Leo nafagia, nimekiokota chini ya kinu. Nimekifunga humu kwa uzi mwekundu.

Kesho unavusha watu bwawani, na kuogelea hujui, mkaidi wewe.

Nilitaka kuandika kwamba umekisahau kwa uzembe wako. Hapana. Ulipokwenda kunawa kabla hujazifunga, mimi ndiye niliyekung'uta ungo kwa hasira, kikaruka.

Ukikipata nipigie. Unitukane ukitaka, nisikie sauti tu.

Bibi yako,
Theodora