GPS au Simu

Mume wangu Innocent,

Huku Maramba mvua imenyesha, mahindi yamekubali, na mama yako anakohoa kidogo tu.

Wifi Devota amenifikishia swali lako: kwa kazi yangu ya kupandisha watalii mlimani, uninunulie huko Arusha kifaa cha GPS au simu mpya? Yeye anasema, "Chukua simu, wifi, ina ramani na kamera." Ni kweli. GPS nayo inavumilia mvua, lakini sababu yangu si hiyo.

Kuna jiwe njiani ambapo mtandao hushika. Tukifika hapo wageni hutazama bahari, mimi natazama simu kama umenipigia. Devota unampigia kila wiki.

Ninunulie GPS. Hiyo itanionyesha njia tu, sitaingoja iite.

Mkeo,
Anastazia