Taarifa za Mbwawa hazikufika

Eugenia, acha kazi kwanza usome. Elinipa wetu yuko hapa ofisini Kisarawe.

Unaukumbuka mfumo wake wa wafugaji kuripoti ng'ombe wagonjwa? Kila mfugaji alimfungulia mkusanyiko wa taarifa wa peke yake kwenye kanzidata ya kukodi mtandaoni. Akaonywa kwamba kuna kikomo, na mikusanyiko ikiwa mingi mno kila kitu kitakuwa kizito. Akasema, "Bado tuko mbali."

Mbali wapi! Mfumo ulianza kujikokota, kisha ukagoma kupokea taarifa za wafugaji wapya. Hakuna aliyegundua.

Sasa hivi kapiga simu mzee Mashauri, mfugaji aliyejiunga juzi kule Mbwawa. "Mwanangu, nimetuma taarifa, ng'ombe wanatoka povu mdomoni. Mbona kimya?"

Elinipa akamjibu, "Mzee, usiwatoe zizini, huo ugonjwa unaambukiza!"

Mzee akasema, "Wengine nimeshauza. Lori limeondoka asubuhi, linakuja huko kwenu."

Elinipa ameanza kuiunganisha mikusanyiko yote iwe mmoja. Mfumo umefunguka. Taarifa zilizokwama kwenye simu za watu zinaingia.

Ya Mbwawa. Ya Pangani. Nyingine ya Pangani.

Hii iliyoingia sasa hivi ni ya hapa hapa Kisarawe, na lori bado halijafika.