Komenti za Blogu ya Okal

Jumapili, 3 Mei 2015
Okal mwanangu, salamu nyingi. Baba yako hajambo, ni kifua tu. Dani hajambo, bibi yako huyo anakutaja kila akila. Akinyi dada yako hajambo. Huruma, mtoto wako, hajambo — ana meno mawili! Mimi mama yako nipo.
Naandika hapa kwenye daftari kwanza, Akinyi ataiweka kwenye blogu yako kwa simu yake, neno la siri ulimwachia. Namba yako haipatikani tangu Januari, ulivyohama Nyamongo kufuata machimbo mengine ya dhahabu.

Jumatatu, 4 Mei
Komenti sitini na moja! Moyo uliruka. Ya Okal hakuna. Mganga wa kurudisha mume. Dawa ya nguvu za kiume. Mwingine anatuuzia dhahabu — sisi watu wa Nyamongo! Ila wengi wanasalimia vizuri, wamependa alichoandika. Nikawakubali, nikawajibu mmoja mmoja. Mtu akikusalimu utamnyamazia?
Akinyi alicheka mpaka akakaa chini. Ati, mama, hao si watu, unaiamkia mashine! Sikucheka.

Jumanne, 5 Mei
Leo zaidi ya mia. Akinyi anasema blogu ya kaka imekuwa jalala. Kuna njia: unataja maneno, komenti yenye neno hilo inaenda yenyewe kwenye taka, ikikaa siku kumi na tano inafutika. Nikataja mimi. Mganga. Dawa. Mkopo. Utajiri. Dhahabu.
Kimya. Nimeshukuru Mungu.

Jumapili, 17 Mei
Akinyi amevuka mpaka kwenda Migori, shangazi yake Akello anaumwa. Simu kaenda nayo, mimi nina kitochi tu kisicho na intaneti. Alivyoaga alisema, kaka hajaandika, mama. Nimepalilia mtama mpaka mgongo ukakataa.

Jumatano, 20 Mei
Masanja amekuja, yule Msukuma aliyehama na Okal. Hata kiti alikataa. Ati, mama, mbona mlimnyamazia mtoto wenu?
Tarehe sita walikuwa pamoja kwenye intaneti kafe. Okal aliandika komenti kwenye blogu yake mwenyewe: dhahabu imemshinda, anataka kurudi, baba bado ana hasira? Akaacha na namba ya mtu wa kumpata. Siku tatu anarudi kuangalia jibu. Ya nne akasema, wamenikataa. Akaondoka peke yake. Masanja hajui wapi, na namba ile hakuishika.
Dhahabu. Nililitaja mimi, kwa mdomo wangu!
Sita na kumi na tano — nimehesabu kwa vidole mara nne. Ni kesho.
Baba yake amesimama mlangoni, ati hasira gani, hasira ya lini?
Napiga, Akinyi hapatikani. Nimeandika meseji: Akinyi, fungua taka leo hii, usifute kitu, tafuta komenti ya kaka yako, andika ile namba. Shangazi anaendeleaje? Jibu haraka, nyathina, mwanangu, haraka.
Haijaenda. Nimepanda kichuguu nyuma ya zizi, huku mtandao unakuja kidogo. Natuma tena.