Mshono wa Pili

Ndani ya gari letu,
Maegesho ya hospitali, nyuma ya chumba cha kufulia,
Jumanne, tarehe 14 Machi.

Wifi yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa mdogo wako. U hali gani? Mama je, lile goti bado linamsumbua au ile dawa ya kuchua imesaidia? Na wewe kikohozi kimekuacha? Nijibu yote hayo kwa kirefu, maana kwenye simu huwa unasema tu "tuko salama", kama mtu anayekimbilia basi.

Mimi nipo. Siumwi popote, nakula, usingizi ndio wa kuvizia. Naandika kwenye kile kimeza cha kukunja humu garini, na mguu wake mmoja umelegea, kwa hiyo usishangae mistari ikipanda na kushuka. Wala usishangae kupata barua badala ya simu. Kwenye simu ungenikatiza, nakujua, na leo nikikatizwa hata mara moja sitarudi tena kwenye hili jambo. Nampa dereva wa gari la wagonjwa, anakuja huko kwenu kesho. Itakufika kabla ya Jumapili.

Kwanza habari za mgonjwa, mdogo wako, nisikuzungushe. Juzi nilipokwambia anaendelea vizuri nilikudanganya mchana kweupe. Ijumaa daktari wa mgongo, mama mmoja mfupi asiye na utani hata kidogo, alikuja kitandani, akavuta pazia, akasema miguu haitarudi. Hakusema labda, hakusema tusubiri tuone. Mikono mizima, kifua kizima, akili nzima. Kuanzia kiunoni kushuka chini, basi. Wiki tatu hizi watamfundisha kujihamisha kutoka kitandani kwenda kwenye kiti cha magurudumu, halafu watamruhusu.

Lia kwanza, wifi. Mimi nimeshalia, tena nililia ndani ya chumba cha kufulia mpaka mama wa mashuka akanitoa, kumbe nilikuwa nimekalia mafurushi masafi. Ukimaliza kulia uendelee kusoma, maana hilo silo lililonifanya nishike kalamu.

Umetuuliza mara nyingi watu wazima wa umri wetu tulifuata nini huko pwani. Tulifuata jua. Mdogo wako alikaa miaka ishirini na miwili kwenye vyumba vya barafu akitengeneza mashine za kugandishia samaki, anarudi nyumbani midomo imekauka na vidole havishiki hata kikombe. Alipoacha kazi alisema anataka jua mpaka limchoshe. Kitanda cha humu garini alikiunda mwenyewe, miezi mitatu, na unajua kwa nini ilichukua miezi mitatu. Kila ubao aliupima mara nne.

Huo mchezo wake nikueleze, maana mama anadhani alikuwa anaogelea. Mtu anasimama juu ya ubao majini, amejifunga mkanda mpana kiunoni, na kwenye mkanda huo kumefungwa tiara. Si tiara ya watoto, wifi. Ni kubwa kama turubai la lori, nayo upepo ukiijaza inamvuta mtu juu ya maji kwa kasi ya pikipiki. Alijifunza pamoja na vijana wa rika la watoto wako. Walimpenda. Walikuwa wakiingia baharini, wanacheza, wanarudi kupumzika, yeye bado yuko mchangani anakagua kamba.

Wiki mbili za kwanza tulikuwa na raha mpaka nikawa naona haya. Tulikuwa tukifuata pwani kituo kwa kituo, tukipaona pazuri tunaegesha. Mchanga ulijaa kwenye mashuka, ukajaa kwenye sukari. Nilimnyoa nywele kwenye ngazi ya gari kwa mkasi wangu wa turubai, akatoka na mabaka kichwani, akaenda hivyo hivyo kununua mkate. Kazi yangu ilikuwa kumshikia tiara pale mchangani mpaka anipe dole gumba, ndipo niiachie. Nilikuwa naiachia na kupiga vigelegele kama mwendawazimu.

Sasa sikia. Kwenye ule mkanda, mbele, kuna kishikio chekundu. Upepo ukizidi nguvu unakivuta, tiara inajiachia na kuanguka, wewe unabaki salama. Kishikio cha mdogo wako kilikuwa kinashikiliwa na kitambaa cha kunata ambacho kilikuwa hakinati tena. Ndani ya siku nne kilifunguka chenyewe mara tatu, yuko mbali majini, ikabidi aogelee mpaka nchi kavu akiburuta lile turubai na kumeza maji ya chumvi. Mwenye duka la vifaa akasema kipya kitafika baada ya siku kumi, na mpaka hapo asiingie baharini.

Mdogo wako alikubali kusubiri. Soma hapo mara mbili, tafadhali. Alikubali kabisa, akasema atakuwa anatembea na kulala. Mimi ndiye niliyefungua mdomo. Nikamwambia, siku kumi nzima, na mkeo ni fundi? Lete hapa.

Unaijua kazi yangu. Viti vya magari, mahema, maturubai, miaka thelathini sasa. Nilishona kile kitambaa kwa mkono, mstari mmoja, uzi mwembamba, ili kishikilie lakini mtu akivuta uzi ukatike. Tukakijaribu hapa hapa mezani. Akavuta, kikafunguka. Akafurahi, akanibusu kwenye paji la uso, nikashona upya vilevile, naye akatoka na beseni kwenda kuosha vyombo.

Karakanani kwangu hakuna kitu kilichowahi kutoka na mshono mmoja. Umekaa pale na mimi, umeona. Mstari wa kwanza, halafu unarudi juu yake na wa pili, kwa nailoni nene, ndipo mteja anakabidhiwa. Sijawahi hata kufikiria ninapofanya hivyo. Nilikuwa namsikiliza akiimba huko nje, anaimba vibaya jamani, na mimi nacheka peke yangu, na mkono ukaenda wenyewe. Nikarudi na mshono wa pili. Nikakata uzi kwa meno, nikautupa mkanda kitandani. Sikuujaribu tena. Nakuapia, hata sikujua nimefanya hivyo.

Kesho yake saa nne asubuhi, jua kali, watu wamejaa ufukweni, nilimwachia tiara yake. Alicheza kama dakika ishirini. Halafu upepo ukaruka ghafla, ule wa kung'oa miavuli, nikamwona anainuliwa juu ya maji kufikia kimo cha paa la nyumba, anakuja upande wetu. Nilimwona amepeleka mkono tumboni. Akaanguka mchangani, akaburutwa, akapigizwa mgongo kwenye ngazi za saruji za kupandia maegesho. Na hapo tiara ilikuwa haijamaliza, ilikuwa bado inamvuta ngazi kwa ngazi. Muuza miwani alitupa trei yake, miwani yote chini, akairukia ile tiara pamoja na mwalimu wa kuogelea, wakaikalia kama watu wanaomkalia mwizi. Nilipomfikia macho yalikuwa wazi. Akaniambia, "Nimechelewa kuvuta."

Nilimwamini. Mpaka alasiri, walipomaliza kumpiga picha za mgongo, wakanikabidhi nguo zake kwenye mfuko wa plastiki, na mkanda umo humo umekatwa na mkasi wa manesi. Nikaja nao hapa garini, nikautazama. Kishikio chekundu kiko pale pale. Mistari miwili, hakuna hata uzi mmoja uliolegea. Kazi safi, wifi.

Unajua nilifanya nini? Ungedhani nilikimbilia wodini kusema. Nilichukua mkasi nikafumua mishono yote miwili. Vipande vya uzi nikavimwagia maji kwenye sinki mpaka vikaisha. Halafu nikanawa uso, nikaenda kukaa kando ya kitanda chake kama mke mwema.

Jumapili ile ya kwanza ukapiga simu, tukaiweka kwa sauti kubwa. Alipokueleza kwamba alichelewa kuvuta, ulimwambia, "Kobe wewe, tangu utoto! Kengele ya shule inalia, wewe bado unafunga kamba za viatu!" Najua ulitaka acheke. Alicheka, manesi wakacheka, jirani yake wa kitanda akacheka mpaka akashika kidonda. Tangu siku hiyo ndiyo hadithi yake. Anamsimulia daktari, anamsimulia mama wa mazoezi, mfagiaji naye kasimuliwa: mimi ni mzito, dada yangu aliniita Kobe, ndiyo maana niko hapa. Na mimi nimesimama pembeni namrekebishia mto. Kila nikitaka kusema nageukia mto. Siku kumi na moja tangu aanguke, wifi. Ule mto haujawahi kurekebishwa hivyo.

Jana nilijikaza kisabuni. Manesi walikuwa wamemgeuza ubavu, anatazama ukuta, kwa hiyo nilikuwa naongea na kisogo chake. Nilimwambia yote, nailoni, meno, mkasi, sinki. Akasema, "Najua."

Akaniambia alivuta mara tu miguu ilipoacha maji. Akavuta mara ya pili. Mara ya tatu alivuta kwa mikono miwili, ndipo akajua, kwamba hakuna uzi mwingine duniani unaokataa namna ile ila wangu. Alikuwa bado yuko hewani, wifi, na tayari anajua. Na alipofika chini, la kwanza kuniambia likawa lile la kuchelewa.

Nilimuuliza kwa nini. Akasema tutakapotoka hapa hatuna pa kwenda ila kwenu, kuna mlango mpana na hakuna ngazi, na nyumba ni yako na mama. Akasema wewe ndiye uliyemlea na anakujua, ulivyomnunia baba mdogo miaka sita kwa ajili ya mbwa. "Dada akijua ni mkono wako, hutavuka kizingiti. Akidhani ni uzito wangu atanisema mpaka nizeeke, lakini atatupokea wote wawili. Mimi kusemwa nimezoea." Akanitaka niahidi kunyamaza. Nikaahidi.

Nilimkasirikia, mgonjwa wa watu. Nilitamani kumpiga na ile trei ya chakula. Amelala pale hawezi kugeuka mwenyewe, na bado anajifanya kichekesho cha wodi nzima ili mimi nipate pa kulala! Nani alimwomba? Nimezunguka maegesho haya tangu asubuhi mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepoteza funguo. Sitaweza kukaa nyumbani kwenu hata siku moja nikisikia mnamtania kwa jambo ambalo hakulifanya, na yeye anaitikia, na mimi namimina chai. Kwa hiyo ahadi yangu nimeivunja, na hajui kwamba naandika.

Hukumu ni yako. Sikuombi unisamehe sasa hivi, mimi mwenyewe sijui ningekufanya nini kama ungekuwa wewe uliyeshona. Habari ya miguu mwambie mama taratibu, akiwa amekaa na amekula. Ya uzi, utaamua wewe kama ataijua. Msalimie sana baba watoto, na mapacha uwaambie mjomba wao amepokea michoro yao na imebandikwa juu ya kitanda, ila farasi wa yule mkubwa ana miguu mitano na wodi nzima inabishana. Msalimie shangazi wa duka la vitambaa. Mungu awatunze nyote, awape afya, na wewe akupe kifua cha kubeba niliyokutwika leo.

Mwezi ujao mwanzoni nitaendesha mwenyewe mpaka kwenu na nitamshusha mlangoni. Ukisema niingie, nitaingia. Ukisema nilale garini, nimeshazoea. Ukisema niondoke, nitakuachia karatasi yenye saa za kumgeuza na namna ya kumkinga vidonda vya mgongo, nimeiandika tayari, kwa herufi kubwa.

Ila Jumapili ukipiga simu, nakuomba jambo moja tu, hata kama ni la mwisho nitakalokuomba. Usimwambie tena alichelewa. Ataona umebadilika, atajua nimekwambia, atanigombeza. Acha anigombeze. Wewe mwambie umesikia kwamba alivuta mapema.

Ni mimi, wifi yako, nitakayeendelea kukupenda hata usiponijibu.